Kadi ya baba, namba 2 iliyofutwa, na uwanja wa kwenda

“Marehemu baba yangu alisoma Brussels kuanzia 1966 hadi 1970, kisha akarudi Lubumbashi. Katika vitu vyake tumekuta kadi ya uanachama ya klabu ya soka ya Daring ya msimu wa 1967-68, ina mistari myekundu na myeusi pembeni. Mimi ni muuguzi, huu ni mwaka wangu wa tatu Gent. Mdogo wangu atakuja karibu na Pasaka na tunataka twende tukasimame pale baba alipokuwa akisimama. Tatizo ni kwamba kila ninayemuuliza ananijibu lake. Mmoja anasema Daring ilikufa 1973. Mwingine anasema Daring ndiyo klabu ya RWDM ya leo. Wa tatu anasema RWDM nayo ilifilisika 2002 na hii ya sasa ni feki. Mwenzangu kazini ameniambia klabu za Ubelgiji hutambuliwa kwa namba, na namba ya Daring ilikuwa 2 na imeshafutwa, kwa hiyo nitakuwa naenda kutafuta kaburi. Twende uwanja gani? Tukiongeza viwanja vingine viwili vitatu vyenye historia, tuanzie wapi? Na niulize bila kuficha: mwanamke mweusi, mgeni, nikiingia kwenye viwanja vidogo nitakuwa salama?”

Pole sana kwa msiba, dada yangu. Nianze na jibu lenyewe ili usisome huku umeshika roho mkononi: nendeni Molenbeek, magharibi mwa jiji la Brussels, kwenye uwanja wa Edmond Machtens, mtaa wa Charles Malis. Mkipanda metro mtashuka Osseghem na kutembea kidogo. Daring walikuwa wakichezea hapo tangu 1920. Majukwaa yamejengwa na kubomolewa kwa nyakati mbalimbali, lakini ardhi ni ileile, na kama baba alikuwa na kadi ya 1967-68 basi alikuwa akiingia kwa milango ya mtaa ule. Hapo hamtakuta kaburi. Mtakuta uwanja unaochezewa mpira mpaka leo.

Ila naona swali lako lina lingine ndani yake. Unataka kujua kama hao watakaokuwa uwanjani siku hiyo ni watu wa baba au ni wapangaji waliohamia katika nyumba ya mtu mwingine. Hapo ndipo wote waliokujibu wameshika kila mmoja kipande cha ukweli na kukuuzia kama mzigo mzima. Nimezunguka viwanja vya nchi hii kwa miaka mingi nikiandika historia za klabu zake, na nimejifunza kwamba klabu ya Kibelgiji ni vitu vitatu vilivyofungwa pamoja: namba, uwanja na watu. Mambo yakienda vizuri vitatu hivyo hutembea pamoja na hakuna anayevitofautisha. Fedha zikiisha, hutengana, kila kimoja kinashika njia yake. Ukiuliza “klabu fulani iko wapi?” unapata majibu matatu, na yote ya kweli.

Tuanze na namba, maana ndiyo iliyokutia hofu. Chama cha soka cha Ubelgiji kilianzishwa 1895. Mwishoni mwa 1926 kiliamua kuipa kila klabu mwanachama namba ya kudumu ya usajili. Wasemao Kifaransa huiita matricule, wasemao Kiholanzi huiita stamnummer. Namba zilipangwa kwa ukongwe wa uanachama ndani ya chama: 1 ikaenda kwa Antwerp, klabu ya 1880, 2 kwa Daring, 3 kwa Club Brugge, 4 kwa RFC Liège. Ona hapo jambo: Brugge ni ya 1891 na Daring ni ya 1895, lakini Daring imetangulia. Kwa hiyo namba haikuambii sawasawa nani alizaliwa kwanza. Wala haikuambii nani ni bora. Standard ya Liège ni 16, na Anderlecht ya Brussels, yenye ubingwa mwingi kuliko klabu yoyote nchini, ni 35.

Hata hivyo Wabelgiji wanaipenda namba kama watu wengine wanavyolipenda jina la ukoo. Mashabiki wa RFC Liège hujiita Matricule 4 bila hata kutaja mji. Kule Mechelen, klabu ya KV Mechelen, iliyochukua Kombe la Washindi la Ulaya 1988 kwa kuifunga Ajax, iliishiwa kabisa mwishoni mwa 2002. Mashabiki walichanga fedha ili klabu ianze upya daraja la tatu ikiwa na namba yake 25, na hawakutaka kusikia habari ya kuanza na namba mpya. Mwaka 2019 klabu hiyohiyo ilichukua Kombe la Ubelgiji ikiwa daraja la pili. Ukienda kwao, uwanja unaoitwa Nyuma ya Kambi kwa sababu ulijengwa nyuma ya kambi ya jeshi, utaiona 25 kwenye skafu na kwenye mabango. Mwenzako kazini hajakudanganya basi. Namba ni kitu kizito. Kosa lake ni kudhani namba ikifutwa, kila kitu kimezikwa nayo.

Sasa tazama kilichotokea kwa Daring, hatua kwa hatua. Klabu mbili zinapoungana, mpya hubaki na namba moja tu, nyingine hufutwa. Kwenye makaratasi ya chama, mataji hufuata namba iliyobaki. Mwaka 1973 Daring iliungana na Racing White. Hii Racing White nayo ilikuwa ndoa ya 1963 kati ya Racing ya Brussels, bingwa mara sita siku za mwanzo kabisa za soka la nchi hii, na White Star ya Woluwe, upande wa mashariki wa jiji. White Star ndiyo iliyokuwa na namba 47. Racing White walikuwa daraja la kwanza na kikosi kizuri. Daring walikuwa na uwanja na mtaa mzima wa watu, lakini ubingwa wao wa tano na wa mwisho ulikuwa wa 1937. Wakakubaliana: namba ni 47, uwanja ni Molenbeek, na jina ni Racing White Daring Molenbeek. Kwa ufupi, RWDM.

Hiyo D ndiyo Daring ya baba yako. Namba 2 ilifutwa siku ile, lakini mashabiki waliendelea kuja kwa miguu Jumapili iliyofuata, kwa mtaa uleule. Miaka miwili baadaye, 1975, RWDM wakawa mabingwa wa Ubelgiji, na 1977 wakafika nusu fainali ya Kombe la UEFA, wakatolewa na Athletic Bilbao kwa bao la ugenini. Anayesema Daring ilikufa 1973 anasoma daftari la usajili. Hakuwa kwenye jukwaa mwaka 1975.

Mwaka 2002 RWDM ikafilisika, na safari hii namba 47 ndiyo iliyofutwa. Mwaka 2003 klabu ya Strombeek, kutoka kaskazini mwa jiji, ikahamia uwanjani hapo na namba yake yenyewe, ikabadilishwa jina, ikaishi mpaka 2014. Wapo wa mtaani walioikubali, wapo walioiona mgeni mpaka mwisho. Kisha 2015 watu wa Molenbeek wakapata namba ya klabu nyingine, Standaard Wetteren, namba 5479, wakapandisha tena jina la RWDM na rangi zake, wakaanzia daraja la nne na kufika ligi kuu 2023, wakashuka tena 2024. Na hapa nikuonyeshe kitu kilicho mlangoni kwako: Wetteren ni mji mdogo kati ya Gent na Aalst. Ukipanda treni ya vituo vingi kuelekea Brussels kwa njia ya Aalst, utaliona jina hilo kwenye ubao wa kituo dirishani. Karatasi ya usajili inayoiwezesha klabu ya mtaa wa baba yako kucheza ilizaliwa umbali wa dakika chache kutoka kitandani kwako.

Je, ni feki? Hapana, na nasema hivyo nikijua kwamba wapo ninaowaheshimu ambao hawatakubaliana nami. Kwa namba, ni klabu ya Wetteren. Kwa uwanja na kwa watu, ni klabu ya Molenbeek. Anayesema feki amepima kwa namba peke yake. Lakini na yule anayesema “hii ndiyo Daring” bila kuongeza neno naye amezidisha, maana wapo wazee wa Woluwe, watu wa White Star, ambao ndani ya jina hilo wana haki yao na hawakuwa na habari na Molenbeek. Ungekuwa unaniuliza nani ahesabiwe ubingwa wa Daring wa 1912 au wa 1936, ningekupa jibu lingine. Wewe unataka kusimama alipokuwa akisimama baba. Kwa nia hiyo uwanja unatangulia, watu wanafuata, namba inakuja mwisho. Tazama tu jina linaloandikwa kwenye tiketi msimu huo kabla ya kununua, maana wamiliki wa siku hizi hupenda kulichezea.

Mdogo wako akikuuliza kama mambo haya ni ya Molenbeek tu, mwambie habari za Genk. Sisi wa Afrika Mashariki tuliijua Genk kwa sababu ya Mbwana Samatta, aliyetoka TP Mazembe ya kwenu Lubumbashi Januari 2016 na kuwa bingwa wa Ubelgiji 2019. Wakenya wana sababu ya zamani zaidi: Mike Okoth Origi alikuwa kwenye kikosi cha Genk kilichochukua ubingwa wa kwanza 1999, na mwanawe Divock, aliyezaliwa Ostend, alilelewa kisoka hapohapo Genk. Lakini klabu hiyo imekuwepo kwa jina hilo tangu 1988 tu. Kabla yake kulikuwa na vijiji viwili vya migodi ya makaa ya mawe, Winterslag na Waterschei, na kila kimoja kilikuwa na timu yake na chuki yake kwa mwenzake. Winterslag waliitoa Arsenal katika Kombe la UEFA 1981. Waterschei walifika nusu fainali ya Kombe la Washindi 1983 baada ya kuitoa Paris Saint-Germain. Mgodi wa Waterschei ulifungwa 1987, wa Winterslag 1988, na mwaka huohuo timu zikaunganishwa. Namba iliyobaki ni 322, ya Winterslag. Uwanja ulijengwa upande wa Waterschei. Kijiji kimoja kikapata karatasi, kingine kikapata ardhi. Ukisimama nje ya uwanja ule ukatazama vilima vya taka za mgodi vilivyoota nyasi, utaelewa kwa nini watu wa pale wanaisema klabu kama wanavyousema mgodi.

Liège ni kinyume chake: namba ilibaki, uwanja ukaondoka. RFC Liège ndiyo bingwa wa kwanza wa Ubelgiji, 1896. Ilikuwa ikichezea Rocourt, juu ya mji, ndani ya uwanja uliokuwa na njia ya mbio za baiskeli kuzunguka nyasi. Ndiyo klabu iliyokataa kumwachia mchezaji wake Jean-Marc Bosman aende Dunkerque ya Ufaransa mkataba wake ulipoisha 1990. Kesi ile iliamuliwa tarehe 15 Desemba 1995, aliyemaliza mkataba akaruhusiwa kuondoka bila ada, na ikabadilisha maisha ya kila mchezaji wa Ulaya, na baadaye ya vijana wetu wanaokwenda Ulaya. Mwaka huohuo klabu ilipoteza Rocourt. Uwanja ukabomolewa, likajengwa jumba la sinema. Watu wa Matricule 4 walihangaika miaka ishirini kwenye viwanja vya kuazima kabla ya kupata kiwanja chao kidogo Rocourt tena, 2015. Wapo waliozeeka wakiisubiri siku ile.

Na ipo hali ya tatu, ninayoiona ya huzuni kuliko zote: namba inaondoka na kuwaacha watu. Bleid ni kijiji cha kusini kabisa, karibu na mpaka wa Ufaransa. Namba ya klabu yake ilihamishiwa Brussels, na 2013 mchezaji mashuhuri Vincent Kompany akaichukua na kuiita BX Brussels ili vijana wa jiji wapate pa kuchezea. Nia ya Kompany ilikuwa njema na vijana walifaidika. Lakini kijiji kilibaki na nyasi bila namba.

Kuhusu viwanja vya kuongeza, sitakupa orodha ndefu. Mkifika Brussels lazima muone kwa Union Saint-Gilloise, uwanja wa Joseph Marien, kwa sababu baba yako aliuchukia. Naomba uniamini: hakuna mtu wa Daring wa miaka ile ambaye hakuwa na neno la kusema kuhusu Union. Kati ya 1933 na 1935 Union walicheza mechi 60 za ligi bila kufungwa, na Daring ndiyo iliyoukata mkufu ule Februari 1935. Halafu Union wakaporomoka mpaka madaraja ya chini, wakarudi ligi kuu 2021, na 2025 wakachukua ubingwa wao wa kumi na mbili, miaka tisini baada ya ule wa kumi na moja. Uwanja wenyewe uko Forest, si Saint-Gilles, na umeegemea mti kwa mti kwenye msitu wa bustani ya Duden. Ukuta wa mbele una michongo ya wanamichezo ya 1926. Nafasi ni chache, kwa hiyo tiketi zinunuliwe mapema. Hata bila mechi, kutembea bustanini na kuona taa za uwanja zikichungulia kati ya miti kunatosha.

Na usiusahau mji unaoishi. Léon Mokuna, kijana wa Léopoldville, alicheza Gent kuanzia 1957, mwaka uleule ambao Paul Bonga Bonga alifika Standard na kuwa bingwa nao 1958. Baba yako alipofika 1966, Julien Kialunda, aliyepitia Union, alikuwa beki wa Anderlecht iliyokuwa ikichukua ubingwa kila mwaka. Mwanafunzi Mkongo wa siku zile hakukosa Mkongo mwenzake wa kumtazama uwanjani. Gent wa Mokuna walichezea Gentbrugge, kwenye uwanja wa Jules Otten, mpaka 2013. Na kama baba alilizoea jina la Daring kabla ya kupanda ndege, sitashangaa: Kinshasa ina Daring yake tangu 1936, ndiyo Daring Club Motema Pembe mnayoijua.

Siku moja ya safari yenu nataka muiache kwa mechi ya ligi ya mkoa. Ubelgiji halisi iko huko. Mara nyingi ni Jumapili alasiri, saa tisa. Mlangoni utamkuta mzee amekaa kwenye meza ya kukunja, mbele yake kisanduku cha chuma na kitita cha tiketi za karatasi nyembamba, na utampa euro chache taslimu. Ndani, kantini huwa na kaunta ndefu, harufu ya chipsi na soseji, na mara nyingi hupokei kinywaji kwa fedha: unanunua kwanza vidude vya plastiki vya rangi, kisha unalipa navyo. Ukutani angalia picha za vikosi. Zile za zamani ni za rangi ya kahawia, wachezaji wamekunja mikono, na chini yake mtu ameandika majina kwa kalamu. Usizipite haraka. Ukisimama mbele ya picha dakika mbili tu, atakuja mtu kukuambia yule wa tatu kutoka kushoto ni baba mkwe wake, na hapo ndipo historia ya klabu inapoanza kusimuliwa.

Mambo machache ya njia. Miji ina majina mawili na treni hutangaza kwa lugha ya eneo mlipo: ukiwa Flandria, upande wa wasemao Kiholanzi, Liège inaitwa Luik, Mons inaitwa Bergen, Tournai inaitwa Doornik. Kifaransa chako cha Lubumbashi kitakufungulia kila mlango Liège, na Molenbeek pia. Genk au Mechelen anza na maneno mawili ya Kiholanzi, au Kiingereza, kisha waache wao wahamie Kifaransa wakipenda. Huko lugha ni jambo la heshima na watu wameligombea muda mrefu. Neno Royal mbele ya jina la klabu lisikubabaishe. Ni heshima inayoombwa ikulu na chama kilichodumu, siku hizi miaka hamsini, haina maana ya kumilikiwa na mfalme. Na hakikisha mechi ipo asubuhi ya siku yenyewe. Mimi niliwahi kusafiri saa moja na nusu katikati ya Januari, nikakuta geti limefungwa na karatasi imebandikwa: barafu, mechi zote za mkoa zimeahirishwa. Kwenu itakuwa Aprili, barafu si tatizo, lakini wikiendi yenyewe ya Pasaka ligi nyingi za chini husimama. Mwambie mdogo wako akate tiketi ya ndege itakayompa wiki moja kabla au moja baada.

Sasa usalama. Umeuliza bila kuficha, nami sitakuficha. Ubaguzi upo kwenye viwanja vya Ubelgiji. Desemba 2021 Vincent Kompany, mtoto wa Brussels na wakati huo kocha wa Anderlecht, alitukanwa kwa rangi yake kwenye uwanja wa Club Brugge na akasema hadharani alivyochukizwa. Mimi mwenyewe nimewahi kurushiwa neno kwenye kiwanja kimoja cha kijijini. Waliokuwa karibu nami walimgeukia aliyelisema kabla sijafungua mdomo, lakini nililisikia na bado nalikumbuka. Kwa upande mwingine, nimeingia kwenye mamia ya kantini na mara nyingi mno kilichonipata ni udadisi na kiti. Molenbeek ni mtaa wa watu wa kila asili, na jukwaani mtaona sura za kila namna. Kaeni jukwaa kuu, si nyuma ya goli kwenye mashabiki wakali. Mechi ya watani wa jadi, au inayotangazwa kuwa ya hatari na kuwalazimisha wageni waje kwa mabasi maalumu, msiichague kuwa ya kwanza. Mkitukanwa, mwambieni msimamizi mwenye fulana ya rangi hapohapo, mkiandika dakika na sehemu ya jukwaa, na baadaye mnaweza kupeleka malalamiko kwa Unia, taasisi ya umma inayoshughulikia ubaguzi. Wanawake na watoto ni wengi viwanjani, hasa ngazi za chini. Ukiwa na mdogo wako, sina wasiwasi nawe.

Siku ya mechi au siku ya uwanja mtupu? Uwanja mtupu una utulivu, na kwa mwenye msiba utulivu ni kitu. Mkitaka hivyo, iandikieni ofisi ya klabu wiki mbili kabla, mweleze habari ya kadi, muombe nusu saa. Lakini mkipewa kuchagua moja, mimi ningechagua mechi, maana wale wanaoweza kukuambia kitu kuhusu 1967 huja siku ya mechi tu.

Yapo ambayo mimi siwezi kukujibu nikiwa mbali, na hata barua pepe hazitayamaliza. Kutaka kujua baba aliona mechi zipi msimu ule, nenda mwenyewe kwenye Maktaba ya Kifalme, KBR, dakika chache kwa miguu kutoka stesheni ya Brussels ya kati. Hazina yao ya magazeti iliyo kwenye mtandao kwa sehemu kubwa ni ya miaka ya kabla ya hapo. Kwa 1967 na 1968 itabidi uombe magazeti yenyewe au filamu zake, kama Le Soir au La Dernière Heure, na watumishi wa chumba cha kusomea watakuelekeza. Nenda na tarehe kama kuna mhuri wowote nyuma ya kadi. Idara ya nyaraka ya manispaa ya Molenbeek nayo inafaa kuulizwa kuhusu picha na ramani za majukwaa. Na mkiwa na siku moja zaidi, jumba la makumbusho ya michezo, Sportimonium, liko Hofstade karibu na Mechelen.

Kuhusu kadi yenyewe, nakusihi usiitie plastiki ya moto. Wino wa zamani huharibika na haitatoka tena humo. Iweke kwenye bahasha isiyo na asidi, piga picha pande zote mbili, na Molenbeek nenda na nakala iliyochapwa kwa ukubwa wake.

Kabla hujaifunga bahasha, isome tena kwa makini, maana inaweza kuwa imeshakujibu. Tafuta neno tribune, au debout, au pourtour. Tribune ni viti. Debout ni kusimama. Pourtour ni ile sehemu ya kusimama kuzunguka uwanja, kando ya uzio, ya bei nafuu, ambayo mwanafunzi angeimudu. Ukiliona neno hilo, ingieni uwanjani saa moja kabla ya mechi, mweke nakala juu ya kaunta ya kantini, na umuulize mtu yeyote mwenye umri wa kupita miaka sabini na mitano: pourtour ya Daring ilikuwa upande gani? Hatakuelekeza kwa maneno. Ataacha glasi yake pale, atatoka nje na nyinyi, na atanyoosha mkono.